Paul Elvstrøm: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu baharia, medali na vifaa vyake

Maneno matatu yatarudi mara nyingi hapa chini. Demani ni kamba inayokaza na kulegeza tanga. Bumu ni mti wa chini wa tanga la mashua ya mbio (si jahazi la aina ya bumu). Beila ni kifaa cha chuma au plastiki kinachonyonya maji kutoka ndani ya mashua bila mtu kuyafua (kuyateka na kuyamwaga nje) kwa mkono.

## Mtu mwenyewe

1. Paul Elvstrøm alikuwa nani?

Alikuwa baharia wa Denmark aliyeshinda medali ya dhahabu katika Olimpiki nne mfululizo: 1948, 1952, 1956 na 1960. Zote alizipata akiwa peke yake mashuani. Kabla yake hakuna mwanamichezo, wa majini wala wa nchi kavu, aliyewahi kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki nne zinazofuatana.

Alizaliwa Hellerup, kaskazini mwa Copenhagen, tarehe 25 Februari 1928, akakulia ukingoni mwa mlangobahari wa Øresund. Alifariki tarehe 7 Desemba 2016 akiwa na miaka 88. Shirikisho la kimataifa la mbio za matanga lilipoanzisha orodha yake ya heshima mwaka 2007, alikuwa miongoni mwa sita wa kwanza kuingizwa.

2. Jina lake linatamkwaje?

Herufi ø ni sauti iliyo kati ya e na o. Ukisema "Elvstrem" umekaribia vya kutosha. Anayeandika "Elvstrom" anaeleweka pia.

3. Alikuwa akiishi kwa kazi gani?

Alisomea uashi na akafanya kazi ya ujenzi. Mwaka 1954 alianza kushona matanga, na kazi hiyo ikakua kuwa kampuni ya Elvstrøm Sails, ambayo bado ipo, makao yake yakiwa Aabenraa, kusini mwa Denmark. Baadaye alishirikiana na msanifu Jan Kjærulff kuchora mashua kubwa zaidi.

Uashi si jambo la kupita haraka. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa mikono akiona kitu kinamchelewesha hasubiri kiwandani watoe kipya. Anakikata, anakitoboa, anakijaribu kesho yake baharini. Vifaa vyake vingi vina sura hiyo ya kitu kilichoanzia kwenye meza ya fundi.

4. Alishiriki Olimpiki ngapi, na alimaliza wa ngapi?

Nane:

- 1948, Torquay (Uingereza), mashua ya Firefly: dhahabu
- 1952, Helsinki, Finn: dhahabu
- 1956, Melbourne, Finn: dhahabu
- 1960, Naples, Finn: dhahabu
- 1968, Acapulco, Star: wa 4
- 1972, Kiel, Soling: wa 13
- 1984, Long Beach, Tornado: wa 4
- 1988, Pusan, Tornado: wa 15

Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni miaka 40. Waliofikisha muda huo katika historia nzima ya Olimpiki ni wachache sana. Ubingwa wake wa dunia nao haukuwa wa mashua moja: alitwaa mataji katika mashua za aina ya 505, Finn, Snipe, Flying Dutchman, mita 5.5, Star na Soling. Mashua hizo hazifanani. Nyingine ni ya mtu mmoja na haina mkuku (uti wa chini wa mashua) mzito, nyingine ina watu watatu na madini mazito ya risasi chini.

## Mbio

5. Aliwezaje kushinda mwaka 1948 wakati mbio ya kwanza hakuimaliza?

Kwa sababu ya hesabu za pointi za wakati ule. Kulikuwa na mbio saba, na kila baharia aliruhusiwa kutupa matokeo yake mabaya zaidi. Ile mbio ya kwanza aliyojitoa ikawa ndiyo ya kutupwa.

La pili ndilo watu wengi hawalijui. Pointi zilitolewa kwa logi (logariti ya hesabu, kwa msingi wa 10): 101, jumlisha mara 1000 ya logi ya idadi ya mashua, toa mara 1000 ya logi ya nafasi uliyomaliza. Kwa mashua 21, wa kwanza alipata 1423, wa pili 1122, wa tatu 946, wa kumi 423. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni 301, lakini ya wa tisa na wa kumi ni 46 tu. Mfumo huo ulimpendelea anayeshinda kuliko anayemaliza wa nne kila siku. Elvstrøm, kijana wa miaka 20, alishinda mbio mbili za mwisho na kumaliza na pointi 5543 dhidi ya 5408 za Ralph Evans wa Marekani. Kwa mfumo wa leo wa pointi moja kwa wa kwanza na mbili kwa wa pili, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

6. Finn ni mashua gani?

Ni mashua ya mtu mmoja iliyochorwa na Rickard Sarby wa Sweden mwaka 1949 kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki. Ina urefu wa mita 4.5, tanga moja la takriban mita 10 za mraba, na bodi (mwili wa mashua) ya zaidi ya kilo 100. Mlingoti wake hausimamishwi na kamba za pembeni. Umechomekwa tu kwenye tundu, na unapinda upepo ukizidi. Sarby mwenyewe alishindana Helsinki akapata shaba, nyuma ya Elvstrøm na Charles Currey wa Uingereza. Finn ilibaki kwenye Olimpiki hadi ile ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Ni mashua inayochosha. Upepo ukifika noti 15 (kilomita 28 hivi kwa saa) kwenda juu, kinachoamua ni nani anayeweza kuning'inia nje ya ubavu kwa muda mrefu bila kuinuka.

7. Je, alishinda kwa sababu mashua yake ilikuwa na vifaa ambavyo wengine hawakuwa navyo?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi kumhusu. Kwenye Olimpiki mashua za Finn zilitolewa na waandaaji, na mabaharia walizipata kwa kura. Hakuna aliyekuja na mashua yake ya siri. Alichokuja nacho Elvstrøm ni mwili uliozoeshwa (tazama swali la 15) na saa nyingi za majini, hata katika miezi ya baridi ambayo wenzake walikuwa wameshahifadhi mashua zao.

Vifaa na medali vilitoka kwenye swali lilelile alilokuwa akijiuliza: nini kinanifanya nipunguze mwendo? Nikiinuka kufua maji, napunguza mwendo. Nikilegeza demani tanga likavurugika, napunguza mwendo. Mapaja yakichoka nikaketi, napunguza mwendo.

8. Kwa nini alitoweka baada ya 1960?

Hakutoweka baharini. Taji la dunia la Flying Dutchman alilitwaa mwaka 1962, na la mita 5.5 mwaka 1966. Alichokaa mbali nacho ni Olimpiki. Ukishashinda mara nne, hakuna anayekupongeza kwa kuja wa pili, na mzigo huo ulimchosha neva. Mwaka 1968 alirudi katika Star, akamaliza wa nne. Dhahabu ilikwenda kwa Lowell North wa Marekani, mshona matanga mwingine mwenye kampuni yenye jina lake. Fundi kwa fundi.

9. Rekodi yake imevunjwa?

Katika mbio za matanga, ndiyo. Ben Ainslie wa Uingereza alipata fedha mwaka 1996, kisha dhahabu 2000, 2004, 2008 na 2012. Dhahabu zao ni nne kwa nne, lakini Ainslie ana ile fedha ya ziada. Mwaka 2012 aliyemaliza wa pili nyuma yake katika Finn alikuwa Mdenmark, Jonas Høgh-Christensen.

Nje ya majini, Al Oerter (kutupa kisahani), Carl Lewis (kuruka umbali), Michael Phelps (kuogelea) na Kaori Icho (mieleka) nao wana dhahabu nne mfululizo katika shindano moja, na Mijaín López, mwanamieleka wa Cuba, amefikisha tano.

## Vifaa

10. Alivumbua nini hasa?

Tutenganishe. Beila inayobeba jina lake ni kazi yake, na ilienea dunia nzima. Kamba ya kubana bumu na mikanda ya miguu (maswali ya 14 na 15) ni hadithi nyingine: watu walikuwa na kamba za namna hiyo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyezigeuza kutoka kamba ya akiba kuwa kifaa ambacho mashua ya mbio haitoki bila nacho. Anayekuambia alivivumbua vyote kutoka sifuri anamwongezea sifa asizozihitaji. Kampuni yake iliuza pia maboya ya kuvaa (swali la 16).

11. Beila inafanyaje kazi bila injini wala pampu?

Ni kijisanduku chenye umbo la kabari, kilichofungwa kwenye tundu chini ya mashua. Ukikisukuma kwa mguu, sehemu yake ya nyuma inashuka sentimita chache chini ya bodi. Maji ya bahari yanapita kwa kasi pande zake, na nyuma ya kabari panabaki mahali pa shinikizo dogo. Maji yaliyo ndani ya mashua yanavutwa kuelekea huko. Kilango kidogo ndani yake kinazuia maji yasirudi.

Nguvu ya kuvuta inategemea mwendo, tena kwa mraba wake: mwendo ukizidi mara mbili, mvuto unazidi mara nne. Kwa noti 2, shinikizo lote la maji yanayopita ni sawa na kuinua maji sentimita 5 hivi. Kwa noti 4 ni kama sentimita 21. Sakafu ya mashua iliyojaa maji huwa sentimita kadhaa chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwa mwendo wa kobe beila haitoi kitu. Ndiyo maana baharia mwenye mashua iliyojaa haanzi kwa kufua. Anaigeuza pembeni ya upepo, anachukua mwendo, kisha anafungua beila.

12. Naweka vipi beila kwenye mashua yangu?

Tafuta mahali pa chini kabisa sakafuni mashua ikiwa imekaa sawa, karibu na mstari wa katikati, pasipo na mbavu ya mbao chini yake. Mashua nyingi huwekewa mbili, kila upande mmoja, kwa sababu mashua ikilala maji yote hukusanyika upande ulioinama, ulio mbali na upepo.

Kisha:

1. Chora umbo la beila kwenye karatasi, libandike chini ya mashua, hakikisha mdomo wa beila unatazama tezi (nyuma ya mashua). Kuigeuza ni kosa la kijinga linalofanyika kila mwaka: beila inayotazama omo (mbele) inaingiza maji kwa nguvu ileile ambayo ingeyatoa.
2. Toboa pembe nne kwa keekee ya milimita 3 kutoka nje kwenda ndani, kisha kata kwa msumeno wa meno madogo.
3. Chonga nafasi ili ukingo wa beila ukae sawa na bodi kwa nje. Ukichomoza hata milimita 2 utakuwa ukiburuta breki ndogo siku nzima.
4. Kama bodi ni ya mbao au ya fibaglasi yenye povu katikati, paka epoksi mara mbili kwenye kingo zote ulizokata, uache ikauke kabisa. Usiruke hatua hii. Maji yanayoingia kwenye kingo hizi hayaonekani hadi sakafu inapoanza kulainika, na hapo ukarabati ni mkubwa.
5. Paka gundi ya baharini ya kuziba, weka beila, kaza skrubu za chuma kisichoshika kutu hadi gundi ianze kutoka pembeni, basi. Acha ikauke siku moja ndipo ukaze robo duara ya mwisho. Ukikaza yote mara moja, gundi yote inatoka na unabaki na chuma juu ya bodi.
6. Kabla ya kushusha mashua, mwaga ndoo ya maji ndani, beila ikiwa imefungwa, uangalie chini.

13. Beila yangu inaingiza maji badala ya kuyatoa. Tatizo ni nini?

Kwanza angalia kama uliifungua mashua ikiwa imesimama. Kilango cha ndani si cha kutegemewa peke yake.

Kama imefungwa na bado inavuja, mara nyingi ni mchanga. Punje chache kwenye ukingo wa mpira zinatosha kuizuia isifunge. Ifungue nchi kavu, isugue kwa mswaki na maji baridi, uangalie mpira. Ukiwa umekakamaa au una mikunjo ya kudumu, badilisha. Sababu ya tatu ni kupinda: mashua ilivutwa ufukweni beila ikiwa chini. Ya chuma inaweza kunyooshwa, ya plastiki ukinyoosha inapasuka. Jenga mazoea ya kuifunga dakika kadhaa kabla ya kufika pwani, si wakati mashua inagusa mchanga.

14. Kamba ya kubana bumu ina kazi gani, na inakazwa kiasi gani?

Inatoka kwenye bumu kwenda chini ya mlingoti kupitia kapi kadhaa, na inazuia bumu lisiinuke. Bila kamba hiyo, demani inafanya kazi mbili: kuvuta tanga ndani na kulivuta chini. Ukilegeza demani upepo ukivuma ghafla, bumu linakwenda nje na juu pamoja, sehemu ya juu ya tanga inafunguka, tanga linajaa tumbo na mashua inalala. Ukiwa na kamba ya kubana, bumu linakwenda nje tu. Tanga linabaki bapa, nguvu inapungua sawasawa, mashua inabaki wima na kuendelea kukimbia.

Kwa mashua ndogo kapi za kupunguza uzito mara nne zinatosha. Mashua yenye tanga kubwa hutumia mara nane na zaidi. Kwa kuanzia, vuta demani kama unavyotaka kuelekea goshini (upande unakotoka upepo), kisha ondoa ulegevu wote wa kamba ya kubana, bila kuongeza. Upepo ukizidi, ongeza. Ukiwa na upepo nyuma, legeza hadi ubao wa juu wa tanga (kijiti bapa kinachotiwa ndani ya tanga kulinyoosha) uwe sambamba na bumu. Ukiisahau imekazwa wakati mashua inalala, ncha ya bumu inaingia majini, tanga haliwezi kulegezwa tena, na unapinduka.

15. Mikanda ya miguu na benchi la mazoezi vinahusianaje naye?

Mikanda inafungwa sakafuni. Unatia miguu chini yake na kulaza mwili wote nje ya ubavu. Kwa mtu wa kilo 85, kusogeza kitovu cha uzito nje kwa sentimita 30 zaidi ni kama kuweka kilo 25 za ziada mita moja kutoka katikati ya mashua, bure. Aliyewahi kuona mashindano ya mashua Lamu, watu wamekaa juu ya ubao uliotoka nje upande wa upepo, anaielewa hesabu hii bila karatasi.

Elvstrøm alijitengenezea benchi nyumbani na kuning'inia juu yake kila mara, jambo lililoonekana la ajabu wakati ambapo mazoezi ya baharia yalikuwa kusafiri tu. Kulitengeneza: kiti chenye upana na kimo cha ukingo wa mashua yako, ukingo umeviringishwa na kuwekewa godoro jembamba, na mkanda umefungwa chini kwa umbali uleule ulio mashuani. Anza na dakika moja mara tatu, ukipumzika dakika mbili katikati. Ongeza sekunde 15 kila wiki.

Maumivu ya mapaja ni ya kawaida. Maumivu chini ya kifuniko cha goti si ya kawaida. Mara nyingi yanatokana na magoti yaliyokunjwa sana, kwa hiyo kaza mkanda ili miguu inyooke zaidi.

16. Na lile boya la kuvaa?

Maboya ya zamani yalikuwa manene na yalimzuia mtu kusogea, kwa hiyo mabaharia wa mbio waliyaacha ufukweni. La kampuni ya Elvstrøm lilikuwa fulana nyembamba. Hii ni nguo ya kumsaidia anayejua kuogelea. Si boya la kumgeuza uso juu mtu aliyezimia.

17. Ni kweli aliandika kitabu kilichokuja na vimashua?

Ndiyo, kitabu cha kufafanua sheria za mbio, kilichochapishwa upya kila sheria zilipobadilika, kikiwa na mashua ndogo za plastiki za kupanga mezani ili kuonyesha nani alikuwa na haki ya njia. Kamati nyingi za malalamiko zilimaliza ubishi kwa vimashua hivyo.

## Maswali ya pembeni

18. Alishindanaje Olimpiki akiwa na miaka 60?

Kwa kuchagua mashua. Tornado ni katamarani ya mita 6.1 kwa 3.05 inayoendeshwa na watu wawili. Kazi kubwa ya kuning'inia, kwenye waya wa trapezi (unaomshika baharia akiwa nje ya mashua), ni ya mtu wa mbele, naye alikuwa binti yake Trine, aliyezaliwa 1962. Baba alishika usukani na demani. Mwaka 1984, yeye akiwa na miaka 56, nafasi moja tu iliwatenga na shaba.

19. Beila ya Elvstrøm itanifaa kwenye ngalawa au mashua ya mbao ya pwani yetu?

Kwa ngalawa, hapana. Bodi yake ni gogo lililochongwa, chini ni pembamba na pamepinda, na hakuna mahali bapa pa kuikalisha. Tena inavutwa mchangani kila siku, kwa hiyo swali la 13 lingekuwa ratiba yako ya kila jioni.

Kwa mashua ya mbao zilizopigiliwa, tatizo ni unene. Beila za kawaida zimetengenezwa kwa bodi nyembamba, na ubao wa sentimita 2.5 au 3 unahitaji kuchongwa upungue pale pale ambapo hutaki ubao mwembamba. Zaidi ya hapo, mashua ya mizigo ikiwa imejaa, ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua) iko chini sana ya usawa wa bahari, na kwa noti 3 mvuto ni wa sentimita 12 tu. Haitafika. Pampu ya mkono au ndoo ya kufulia itatoa maji mengi zaidi.

Inapofaa ni mashua nyepesi ya mbio yenye sakafu bapa na mwendo wa noti 4 kwenda juu. Hapo weka mbili, ufuate swali la 12, na ndoo usiiache pwani. Mashua ikipinduka na kusimamishwa tena huwa imejaa na haina mwendo, kwa hiyo ndoo ndiyo itakayoanza.